Miti Yetu Ilitangulia

Jumatatu, 4 Januari 1971

Wamekuja na ndoo ya chokaa. Watu wawili, mmoja ana karatasi, mmoja ana brashi. Wameandika 118 ukutani, pembeni ya mlango, namba kubwa inayochuruzika. Bi Kidawa jirani yetu kapata 119. Nyumba zote za mstari huu zitavunjwa, maghorofa ya Michenzani yanatufikia. Lini? Mwisho wa Machi, kasema mwenye karatasi. Tutapewa vyumba huko juu vikishamalizika. Kwa sasa kila mtu atafute pa kujihifadhi.

Mama hakuuliza habari ya nyumba. Kauliza: "Na miti yangu?"

Yule mtu kapekua karatasi zake, kwa adabu kabisa. "Miti haimo, bi mkubwa."

Haimo! Mlangilangi, mikadi miwili, na mkilua. Hiyo ndiyo iliyotulea baada ya baba kufa. Bibi harusi gani wa Ng'ambo hakuvaa kikuba cha maua cha Mama, Bi Bahiya? Mimi na kaka Amour tumesomeshwa kwa maua. Mkilua Mama aliupanda akiwa na mimba yangu. Miaka thelathini na moja, na hadi leo umenipita kimo kwa shubiri tu. Mti mvivu — lakini maua yake mawili yanatosha kunukisha chumba kizima.

Ghorofani hakuna ardhi. Nimemwambia Mama hivyo. Kanitazama kama mimi ndiye niliyeandika 118.


Ijumaa, 8 Januari

Nimempata fundi. Usi Makungu, mtunza bustani, miaka yote kazi yake ni miti. Mjini wanasema hakuna mwengine anayejua kuhamisha mti mkubwa ukaishi. Kaja baada ya sala ya Ijumaa, na kofia yake ya ukindu, mfupi, hana maneno mengi. Kaupima kila mti kwa kamba. Kachimba kidogo kwa kidole, kanusa udongo.

"Mlangilangi nikiuhamisha na matawi yake utakufa. Nitaukata hadi hapa." Kagusa bega lake.

"Na maua?" Mama.

"Maua sahau. Miaka miwili, mitatu."

"Mikadi?"

"Mkadi hata ukiutupa barabarani unaota."

"Na mkilua?"

Kauzunguka mara mbili. "Huu una kiburi. Hautaki kuguswa mizizi. Kuuhamisha nitauhamisha, bi mkubwa. Kuishi, sikuahidi."

Bei: shilingi mia tatu. Nilidhani nimesikia vibaya! Mshahara wangu wa kuunganisha simu haufiki hapo. Kanihesabia: watu sita, lori, kamba za usumba wa nazi, magunia ya kufungia udongo. Na magunia siku hizi yako wapi, mchele wenyewe tunapimiwa? Nikamwambia, Bwana Usi, mia tatu kwa kung'oa miti minne?

Hakukasirika. "Kung'oa, bibi, hata mbuzi anang'oa. Unanilipa kungoja."

Basi kanieleza. Mti mkubwa haung'olewi siku moja. Unauchimbia nusu duara upande mmoja, unakata mizizi ya upande ule, unarudishia udongo, unangoja. Mizizi midogo inaota karibu na shina, nyembamba kama nyuzi. Baada ya wiki tano sita unakata upande wa pili, unangoja tena. Mwisho wa Machi mvua za mwanzo zikianguka, unauinua. Ukifika kwake kupya, mvua inaupokea.

Nilikuwa na akiba ya kununulia cherehani. Miaka miwili nimeiweka. Nimempa nusu ya bei papo hapo, Mama asije akasema neno.


Jumapili, 10 Januari

Chukwani, kwa kaka Amour. Kiwanja chake kikubwa, nyuma ya nyumba kuna nafasi tele, upepo wa bahari si mkali. Amour kakubali kabla sijamaliza. Mkewe, Sichana, ndiye mwenye akili pale.

"Miti ije, na Mama aje. Lakini maji nani atateka?"

Kweli. Usi anasema kila mti ndoo tatu asubuhi, tatu jioni, miezi ya mwanzo yote. Kisima kiko mbali na nyumba. Sichana ana watoto watano na mgongo mbovu.

Mama kasema: "Nitateka mimi." Ana miaka sitini na nne!

Basi ndiyo hivyo. Mama anakwenda na miti yake Chukwani. Mimi nitakwenda na kurudi kazini kutoka huko, mpaka hizo ghorofa zitakapokwisha.


Alkhamisi, 14 Januari

Leo Usi kachimba nusu ya kwanza. Mtaimbo, jembe, na kisu kikali cha kukatia mizizi — haruhusu shoka, anasema shoka linapasua. Sikuwahi kuona mizizi ya mlangilangi. Myeupe ndani, inanuka kama tangawizi mbichi. Imefika hadi chini ya jiko letu.

Mama kachuma maua yote ya mwisho. Mtaa mzima umenukia, watu wanapita wanasimama. Kawakatalia mabibi harusi wawili wa mwezi wa Iddi. Kakataa mwenyewe, lakini baadaye nimemkuta chumbani kakaa na sinia tupu mapajani.

Bi Kidawa kaja kutazama uchimbaji. Mumewe, Mzee Jecha, kapooza upande mmoja, mwaka wa pili sasa hanyanyuki. Bi Kidawa anamgeuza, anamlisha, anamwosha, peke yake. Na bado anachekesha! Kamwambia Usi: "Sisi nani atatuhamisha na udongo wetu?" Hata Usi kacheka. Wao watakwenda Donge, kwa mpwa wake. Mpwa kaahidi kuja na gari mwezi wa tatu, akishamaliza kukipaua chumba watakachowekwa. Chumba sasa hivi hakina paa.


Jumanne, 26 Januari

Nisiandike. Naandika.

Zamu ya asubuhi. Kazi yetu ni kuunganisha simu za watu, kusikiliza kidogo kama laini imeshika, kisha kujitoa. Sekunde mbili tatu. Leo laini ilikuwa mbovu, ikikatika. Nikabaki ndani.

Sauti mbili za wanaume. Mmoja anasema mashine ya kubomolea imefika mapema, haiwezi kukaa bure mpaka Machi. Mwengine: mstari upi uanze? Wa kwanza: 110 mpaka 126. Wapewe habari Iddi ikipita, Jumatatu. Jumatano mashine iingie. Mwengine kauliza, siku mbili zinawatosha? Yule kacheka, si kwa ubaya. Kasema ukiwapa miezi wanakaa miezi.

Sisi ni 118.

Nikajitoa. Bi Mwatum, mkubwa wetu wa zamu, kapita nyuma yangu: "Badriya, laini ya tatu inawaka." Naam, nikasema. Nikaunganisha laini ya tatu.

Tumetia saini sote siku ya kwanza. Kinachosikika kwenye waya hakisikiki. Mwaka juzi mwenzetu mmoja alimwambia mumewe jambo dogo. Kiti chake kilikuwa tupu asubuhi ya pili. Hatukuuliza. Mpaka leo sijui yuko wapi.


Jumatano, 27 Januari

Sikulala vizuri. Sikumwambia Mama. Akijua atamwambia Bi Kidawa kabla chai haijachemka, ndivyo alivyo.

Jumatano hiyo ni tarehe kumi. Wiki mbili.


Alkhamisi, 28 Januari

Nilimfuata Usi kazini kwake, bustanini karibu na maofisi, anamwagia majani. Shikamoo, marahaba. Nikamwambia nataka miti iondoke Jumapili hii.

"Jumapili ipi?"

"Hii."

Kaweka bomba la maji chini. "Upande wa pili sijaukata. Upande wa kwanza una wiki mbili tu. Na jua hili la kaskazi! Machi tulisema."

"Mambo yamebadilika."

"Nani kayabadilisha?"

Nikasema Mama hajisikii vizuri, anataka kutangulia Chukwani. Nimemsingizia mama yangu ugonjwa! Kanitazama kitambo. Nadhani hakuamini.

"Bibi, watu wanaijua kazi yangu. Hakuna aliyewahi kuniona nikiinua mti kabla ya mvua. Mkilua ukifa, watasema Usi kauua."

"Nitasema ni mimi niliyetaka."

Kakubali. Sikumwona akifurahi. Bei imepanda: makuti ya kuitilia miti kivuli, mtu wa saba, na lori la haraka haraka. Akiba ya cherehani yote imekwisha, na deni kidogo kwa Amour. Sijali. Sijali hilo.


Jumapili, 31 Januari

Imekwisha. Niandike kwa mpango.

Saa kumi na mbili Usi na watu wake walishafika. Mlangilangi ulikatwa jana, umebaki kisiki chenye mikono miwili. Wakakata upande wa pili wa mizizi, wakalizungushia donge la udongo magunia, wakalifunga kwa kamba za usumba, kama mtu anavyofunga mtoto mgongoni. Watu saba, mbao mbili, na "haya twende!" Umeingia kwenye lori.

Mikadi rahisi.

Mkilua. Usi kaufunga kwa mkono wake mwenyewe. Ulipoinuka nikasikia mlio chini ya ardhi. Kitu kimekatika. Usi kasimama, kapiga magoti, katia mkono chini ya donge. Kautoa. Kasema tu, "Twendeni."

Mama alikuwa keshakaa mbele, pembeni ya dereva, hakuona.

Hapo ndipo Bi Kidawa katoka mlangoni kwake na sahani ya vibibi, tule njiani. Kasema mbona mbio namna hii, Badriya? Si mlisema mwezi wa tatu?

Nikasema Mama ana hamu.

Kanishika mkono. Kashusha sauti. "Mmesikia kitu?"

Lori linanguruma. Watu saba wanatazama. Usi anatazama.

"Hatujasikia kitu, Bi Kidawa."

"Haya mama. Nendeni salama." Kanipa sahani.

Sikuvila vile vibibi. Nimewapa watu wa lori.


Jumatano, 3 Februari

Mama yuko Chukwani, mimi hapa mpaka nimalize kufunga vyombo. Uani kuna mashimo manne. Nimeyapita asubuhi nikienda mferejini kuteka maji, nimejikwaa.

Jioni Bi Kidawa kaniletea mchuzi, kasema mtu mmoja hajipikii. Nikajaribu. Nikamwambia, Bi Kidawa, kwa nini msiende Donge kabla ya Iddi, mkasherehekee huko na jamaa? Kacheka. Chumba hakina paa, mwanangu, nimlaze Jecha juani? Na gari la mpwa wangu litakuja mwezi wa tatu.

Nikafungua mdomo. Mzee Jecha kaita kutoka ndani, kwa ile sauti yake ya nusu. Bi Kidawa kaondoka mbio.

Ningeweza kumfuata. Ni hatua kumi. Nikaosha bakuli lake.


Jumatatu, 8 Februari

Iddi ilikuwa Jumamosi. Leo saa nne wamekuja, wale wale wawili, bila chokaa. Jumatano, wamesema. Watu wakadhani ni Jumatano ya mwezi ujao. Wakarudia. Kukawa na kelele. Mwenye karatasi kasema yeye katumwa tu, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyetumwa.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na mizigo iliyokwisha kufungwa. Vyombo ndani ya vikapu, godoro limekunjwa. Kila mtu aliyepita kaona.


Jumatano, 10 Februari

Niliomba ruhusa kazini. Sikuhitaji kuwepo. Nilikuwepo.

Mashine imeanzia 110. Ukuta wa mawe na udongo hauanguki kwa kishindo, unakaa chini, kama mtu aliyechoka. Halafu vumbi.

Gari la Donge halikuja. Mpwa wake kapelekewa habari jana, hakupata petroli. Wanaume wanne walimtoa Mzee Jecha na kitanda chake, wakamweka kando ya njia, juani. Nilishika mwavuli juu ya uso wake. Jicho lake zima lilikuwa likinitazama, na mdomo unataka kusema. Bi Kidawa alikuwa akikimbia ndani na nje — sufuria, mito, dawa, msahafu. Kabati la nguo halikutoka. Ilipofika zamu ya 119 bado kabati lilikuwa ndani.

Ilipokwisha kaja kusimama nami pale kitandani. Nywele zake zimejaa vumbi. Hakulia. Katazama kwetu, mashimo yale manne, na kifusi kimeingia ndani yake.

Kasema taratibu, kama anayezungumza habari ya hali ya hewa: "Miti yenu ilitangulia."

Nikabaki na mwavuli.

Wamelala barazani kwa jamaa mmoja, Kikwajuni. Baraza, si chumba.


Ijumaa, 12 Februari

Bi Mwatum kaniita pembeni, pale penye majagi ya maji. Anaongea bila kutikisa midomo, miaka mingi ya simu. Kasema kuna swali limeshuka kutoka juu. Watu wa mstari ule wamelalamika, na mmoja kasema 118 walijua mapema. Wameuliza nani alikuwa zamu Jumanne ya tarehe ishirini na sita.

"Tulikuwa watatu," nikasema.

"Najua mlikuwa watatu. Nimeandika sikumbuki." Kafunika jagi. "Lakini usiwe na hofu, wanamtazama mtu mwengine. Yule mhamisha miti. Anafanya kazi bustanini, karibu na maofisi, wanasema kamsikia mkubwa mmoja akizungumza. Kila mtu anajua hahamishi miti wakati wa jua. Kwa nini safari hii kahamisha?"

Kanitazama usoni sasa. Kangoja.

Nikasema sijui.

"Basi," kasema Bi Mwatum. "Rudi kwenye laini yako."


Jumapili, 14 Februari

Chukwani. Mikadi imesimama kama iliyozaliwa hapa. Mlangilangi umetoa jicho moja la kijani kwenye mkono wa kushoto. Mama kanionyesha kama anayenionyesha mjukuu.

Mkilua unapukutisha. Majani hayakauki kwanza, yanaanguka mabichi. Mama anayaokota, anayaweka kwenye upande wa kanga yake. Ndoo tatu, tatu. Viganja vyake vimechubuka. Nimechukua ndoo, kanipokonya.

Kila mara namwona Usi akitia mkono chini ya donge lile.


Jumanne, 16 Februari

Leo sina zamu. Saa mbili na nusu mwanamke kabisha hodi. Mrefu, miguu ina vumbi hadi magotini. Katembea kutoka mjini! Jina lake Biasha. Mke wa Usi.

Mama kamkaribisha kwenye mkeka, kamuuliza hali, habari za nyumbani. Biasha kajibu njema, njema, kama inavyotakiwa, halafu sauti ikakatika. Usi kaitwa Jumapili asubuhi kuulizwa maswali. Hajarudi. Biasha kapeleka chakula jana, hakikupokewa, wala hakuambiwa kwa nini. Mumewe alipokuwa akivaa alimwambia: ukiona sirudi nenda Chukwani kwa Bi Bahiya, mwambie binti yake. Hakusema amwambie nini.

"Basi nimekuja," kasema Biasha. "Sijui nimwambie nini."

Mama kageuka kwangu. Alikuwa na ndoo mkononi, ya tatu ya asubuhi.

"Badriya. Kuna nini?"

Nikasema. Yote, nimesimama pale pale, mbele ya mgeni. Waya. Sauti mbili. 110 mpaka 126. Kwamba Usi hakujua lolote, nilimwambia Mama mgonjwa. Kwamba niliulizwa Ijumaa nikasema sijui.

Biasha hakupiga kelele. Kafumba macho tu.

Mama kauliza jambo moja. "Tulipoondoka, ulikuwa unajua?"

"Naam."

"Na Kidawa? Ulimwambia?"

Nilitaka kusema ningefungwa. Nilitaka kusema nilifanya kwa ajili yako, kwa ajili ya mkilua wako. Yote mawili kweli.

"Aliniuliza," nikasema. "Nikasema hatujasikia kitu."

Mama kainua ndoo. Nilidhani anakwenda kumwagia. Hakwenda kwenye mti. Kaja kwenye mkeka, kapiga magoti mbele ya Biasha, magoti yale yanayomuuma, akaanza kumwosha miguu kwa maji yale. Biasha anakataa, anavuta miguu, Mama anaishika.

Nimeingia ndani kuvaa. Naandika nimesimama, daftari juu ya dirisha. Nikilichukua watalisoma. Nikiliacha Sichana ataliona. Nilichome? Ndani yake mna ushahidi wote kwamba Usi hakujua — tarehe, maneno yake, yote. Sina karatasi nyengine inayosema hivyo.

Gari la mjini linapita saa nne, linasimama njia panda kidogo tu. Bi Mwatum yuko zamu mpaka saa nane. Nianzie kwake au niende moja kwa moja huko alikoitwa Usi? Nikianzia kwake naye ataulizwa kwa nini hakumbuki. Basi nisianzie kwake, niende huko nikaseme ni mimi niliyesikia.

Buibui langu liko kwenye kamba, nimelifua jana, bado bichi. Nitalivaa hivyo hivyo. Mama ananiita. Nasikia honi, na daftari bado sijaamua